Je, Wajua? Mafuta Yanayosikia Baridi

Mwezi wa saba, saa moja asubuhi, Mapinga, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Juu ya meza ya mama mmoja muuza nazi zimepangwa chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kazi yake ya kwanza. Sasa zimejazwa mafuta ya nazi. Yote yameganda, meupe kama mshumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona mafuta yamekuwa hivi? Hayajaharibika?"

"Yaharibike vipi? Yamesikia baridi tu. Yaweke juani, kabla hujafika Bunju yameshakuwa maji." Akaigeuza chupa kichwa chini kunionyesha kwamba hakimwagiki kitu. "Na yakiganda ujue ndiyo yenyewe. Ya kuchakachua hayagandi haya."

Nilinunua chupa mbili. Kauli ya pili ya mama ina walakini kidogo, nitaifikia. Ya kwanza ni sayansi tupu. Mafuta husikia baridi kweli, na namna yanavyoisikia ndiyo siri ya utando uliozunguka kila seli ya mwili wako, ya papa, ya mkoko, hata ya kimelea cha malaria.

Je, wajua kwamba mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi joto 24 au 25? Ukanda huu wa pwani joto la mchana haliteremki chini ya hapo karibu mwaka mzima, ndiyo maana tumezoea kuyaona yakiwa maji. Ni alfajiri za kipupwe tu zinazoyakamata. Meza ya yule mama ni kipimajoto kisicho na tarakimu: ukiona chupa nyeupe, usiku ulikuwa chini ya 24.

Kwa nini basi mafuta ya alizeti ya Singida, yaliyo meza hiyo hiyo, hayashtuki? Molekuli za mafuta zina minyororo ya kaboni. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, mnyororo wa kaboni 12 ulionyooka, na kwa jumla takribani tisa ya kumi ya minyororo ya nazi imenyooka hivyo. Minyororo mingi ya alizeti ina vipindo. Aliyewahi kusimama kwenye karakana ya fundi wa majahazi atanielewa haraka. Boriti za mikoko zilizonyooka hupangwa zikabanana, na ndivyo zilivyosafirishwa kwa majahazi kwenda Uarabuni miaka na miaka. Lakini mataruma, zile mbavu za chombo zinazochongwa kwenye miti iliyopinda, hayapangiki. Ukiyarundika yanaacha mianya kila upande. Nazi ni shehena ya boriti. Alizeti ni rundo la mataruma, na ili rundo hilo libanane mpaka ligande linahitaji baridi kali ambayo Mapinga haijawahi kuiona.

Sasa ule walakini. Ni kweli kwamba ukiichanganya nazi na alizeti, mchanganyiko hugoma kuganda sawasawa. Lakini mafuta ya mawese nayo huganda. Waulize watu wa Njombe na Mbeya wanaoyachota kwa kijiko badala ya kuyamimina. Kuganda peke yake si cheti cha nazi. Sikumwambia mama hivyo, maana bei ilikuwa nzuri.

Je, wajua kwamba samaki hubadilisha mafuta yake kwa majira? Maji yakipoa, seli za samaki huongeza minyororo yenye vipindo kwenye utando wake ili usikakamae; yakipata joto, huipunguza. Katika mafuta ya samaki umo mnyororo uitwao DHA, wenye vipindo 6, na ndiyo sababu mafuta ya samaki hubaki maji hata ndani ya friji. Samaki mwenyewe hutengeneza kidogo sana. Mengi huyapata kwa kula viumbe vidogo vilivyokula mwani mdogo zaidi. Ubongo wa binadamu, ukiukausha maji yote, takribani asilimia 60 ya kinachobaki ni mafuta, na DHA imo kwa wingi. Wazee waliosema mtoto ale samaki apate akili hawakuwa mbali.

Jikoni nako kuna la kuangalia. Mpishi yeyote wa pwani anajua maneno haya: tui limekatika. Umekuna nazi, umekamua, umepitisha kwenye kifumbu, umeweka tui la pili kwanza, halafu lile zito mwishoni. Ukageuka kidogo kujibu simu. Ukirudi, mchuzi una madoa ya mafuta juu na vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda chini. Kilichotokea ni hiki: tui ni maji yaliyojaa vitone vya mafuta, na kila kitone kimevikwa koti jembamba la protini na fosfolipidi, aina ya mafuta ambayo upande mmoja wake unakubali maji. Koti hilo ndilo linalozuia vitone visiungane. Moto mkali hugandisha protini za koti, ndimu iliyowahi nayo huziharibu, vitone vinabaki uchi, vinakumbatiana, na mafuta yanapanda juu. Kukoroga taratibu na moto mdogo ni kulinda makoti. Anayetengeneza mafuta ya nazi hufanya kinyume makusudi: hulichemsha tui zito mpaka likatike, kwa sababu kukatika ndiko anakokutafuta.

Na kama pilipili ya mchuzi huo imekuzidi, usikimbilie maji. Kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta. Kunywa tui au maziwa.

Je, wajua kwamba sifa inanuka? Si ile ya kusifiwa, ingawa nyingine nazo zinanuka. Sifa ya mabaharia ni mafuta ya ini la papa. Mafundi na manahodha wa pwani walipaka sifa kwenye mbao za chombo sehemu iliyo juu ya maji, na sehemu inayozama wakaipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia aliyevuka Bahari ya Shamu mnamo 1183, aliandika kuhusu vyombo vya huko vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi kisha kupakwa mafuta, na akataja kwamba mafuta ya papa ndiyo yaliyopendwa kuliko yote. Basi harufu hiyo ina ukoo mrefu.

Deheni inastahili kutazamwa kwa karibu. Shahamu ikikutana na chokaa, kalisi ya chokaa hushikana na minyororo ya mafuta na kufanya sabuni, ila ni sabuni ya ajabu, haiyeyuki kwenye maji. Unaijua bila kujua. Ukifulia maji ya kisima cha pwani, yale yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, sabuni hukataa kutoa povu na beseni hubaki na utando wa kijivu unaong'ang'ania ukingoni. Utando huo na deheni ni ndugu wa baba mmoja. Kinachomuudhi dobi ndicho kilichomlinda nahodha.

Papa anaweka mafuta mengi kwenye ini kwa sababu hana kibofu cha hewa cha kumwelesha. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanamsaidia asizame. Jirani yetu mwingine wa baharini, silikanti, ambaye wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakimnasa tangu 2003, hasa Tanga, ana ujanja unaofanana: pale ambapo samaki wengine wana kibofu cha hewa, yeye ana kiungo kilichojaa mafuta. Nyama yake pia ina mafuta ya aina ya nta ambayo humwendesha tumbo anayeila. Pengine hilo nalo limemsaidia kuishi muda mrefu. Tangu 2009 ana hifadhi yake ya bahari huko Tanga.

Katika mafuta ya ini la papa kuna kitu kiitwacho squaleni. Likumbuke jina hilo. Litarudi tukifika Bagamoyo.

Je, wajua kwamba unene wa molekuli ya mafuta ungeweza kupimwa kwa kijiko cha chai na bwawa? Mwaka 1757, Mmarekani Benjamin Franklin akiwa safarini baharini aliona mikondo nyuma ya meli mbili imetulia huku ya nyingine inachafuka. Akaambiwa wapishi wamemwaga maji yenye mafuta. Baadaye, kwenye bwawa la Clapham, London, alimimina mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chai, nayo yakatambaa mpaka kutuliza kiasi cha nusu eka ya maji kama kioo. Alichapisha habari hiyo mwaka 1774. Hesabu ambayo hakuipiga ni nyepesi: gawanya ujazo wa kijiko kwa mita za mraba kama 2,000, unapata unene usiofika nanomita 3. Yaani mafuta yalikuwa yametandaa mpaka kubaki tabaka la molekuli moja, mkeka wa jamvi moja juu ya bwawa zima.

Aliyeifanya kazi hiyo kuwa ya vipimo vya uhakika hakuwa profesa. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, alikuwa binti wa nyumbani; vyuo vikuu vya nchi yake wakati ule havikupokea wanawake. Akiosha vyombo aliona jinsi uso wa maji unavyobadilika yakiingia mafuta, akatengeneza karai lenye kipande cha bati cha kusukuma tabaka la mafuta na kulibana, na kipimo cha kujua maji yanavuta kwa nguvu kiasi gani. Mwaka 1891 alimwandikia barua mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza, naye kwa uungwana akaipeleka jarida la Nature, likaichapisha. Karai la jikoni likawa chombo cha maabara duniani kote.

Mwaka 1925, katika mji wa Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel walitumia njia ya aina hiyo kwa damu. Walichukua damu ya binadamu, mbuzi, kondoo, mbwa na wanyama wengine, wakatoa mafuta kwenye chembe nyekundu, wakayatandaza juu ya maji na kupima eneo. Likatoka mara mbili ya eneo la ngozi za chembe zenyewe. Wakasema: basi kila chembe imevikwa matabaka mawili. Walikuwa sahihi, na raha ya kisa hiki ni kwamba walikosea mara mbili ili wawe sahihi. Dawa waliyotumia haikutoa mafuta yote, na kipimo chao cha eneo la chembe kilikuwa kidogo kuliko ukweli. Makosa mawili yakafutana. Mwanafunzi akifanya hivyo kwenye mtihani wa taifa, sijui msahihishaji angempa ngapi.

Matabaka hayo mawili yanakaaje? Kila fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa. Zimwage kwenye maji, hazihitaji fundi. Mikia inajificha kwa kuelekeana katikati, vichwa vinakaa nje pande zote mbili, na shuka inajikunja yenyewe mpaka ncha zikutane. Umepata kifuko: maji nje, maji ndani, mafuta kati. Protini zimechomekwa humo kama milango, zingine zikiwa pampu, zingine vitasa. Tangu 1972, S. J. Singer na Garth Nicolson walipoandika kuhusu utando huu, tunaufahamu kuwa ni kimiminika: fosfolipidi moja hubadilishana nafasi na jirani yake mara kama milioni 10 kwa sekunde. Kolesteroli, ambayo hospitali wanatutisha nayo, imo humo kama kabari, ikizuia utando usilegee mno kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Bila kolesteroli hatuishi. Tatizo ni inapozidi kwenye mishipa.

Unene wake wote ni nanomita 5 hivi. Ungehitaji tando 20,000 zilizobebana kufikia unene wa karatasi ya daftari.

Damu yako lita 5 ina chembe nyekundu zipatazo trilioni 25. Ukizivua zote tando zake na kuzitandaza, ungefunika zaidi ya mita za mraba 3,000, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Umeutembeza uwanja huo mwilini leo asubuhi, na kila chembe ikapenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe kwa kujikunja bila kupasuka.

Kwa Kiswahili utando huu huitwa pia kiwambo, na hapo lugha imewatangulia wanasayansi. Kiwambo ni kitu kilichowambwa, kama ngozi ya ngoma. Je, wajua kwamba kuna watu wa pwani yetu ambao chembe zao za damu zimewambwa zaidi kuliko za wengine, na malaria inagonga mlango inashindwa kuingia?

Watu hao wako Kilifi, Kenya. Wanabeba aina ya damu inayoitwa Dantu. Karibu mtu mmoja kati ya 10 eneo la Kilifi ana nakala moja ya jeni yake, na kama mmoja kati ya 100 ana nakala mbili. Wenye nakala mbili wamekingwa dhidi ya malaria kali kwa takribani asilimia 70. Kwamba wanakingwa ilijulikana. Jinsi wanavyokingwa ndilo lililosumbua watu. Watafiti wa Kilifi na wenzao wa Cambridge walichukua damu ya watoto 42 wenye afya, wakaweka vimelea humo, wakavitazama kwa hadubini vikijaribu kuvamia chembe moja moja. Matokeo yalitoka katika Nature mwezi Septemba 2020.

Fuatilia kimelea kinavyoingia. Kinagusa chembe, kinajigeuza mpaka ncha yake kali ielekee utando, kinashika vitasa vya protini, kisha kinaubonyeza utando uingie ndani, kinauvuta kama mtu anayejifunika shuka, na mwishowe kinakaa ndani ya chembe kikiwa kimejizungushia kifuko cha utando. Kazi yote hiyo inataka utando uliolegea. Kwenye chembe za Dantu utando umekazwa, na kimelea kinabonyeza wee hakizamishi. Jambo zuri zaidi walilogundua ni kwamba hata kwa mtu asiye na Dantu, chembe zake hazifanani mkazo. Zile chache zilizokazwa kupita kiwango fulani nazo hukataa kuingiliwa. Kwa hiyo si uchawi wa Dantu, ni fizikia ya ngoma. Anayewamba ngoma Bagamoyo huisogeza karibu na moto ngozi ikaze ndipo ailize. Damu ya Kilifi imezaliwa imekwisha sogezwa.

Sasa tumefika Bagamoyo yenyewe, mwendo mfupi kutoka Mapinga. Mji huu unatajwa kwa misafara, minara na magofu ya Kaole, na nafikiri haujasifiwa vya kutosha kwa jambo jingine. Katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara hapo Bagamoyo, watoto wachanga 340 walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na matokeo ya utafiti huo ulioongozwa na Dakta Salim Abdulla yalichapishwa Desemba 2008. Chanjo yenyewe ilikuwa na kipande cha protini ya kimelea, lakini protini peke yake huwa haiuamshi mwili vya kutosha, inahitaji kichochezi. Kichochezi kilichotumika Bagamoyo kilikuwa mafuta ndani ya maji, vitone vilivyoelea kama tui, na mafuta yake yalikuwa squaleni. Ndiyo, ile ile iliyomo kwenye ini la papa, iliyomo kwenye sifa. Vizazi vilivyopaka mafuta hayo kwenye mbao za vyombo visingedhani kwamba siku moja yangeingia mwilini mwa mtoto kwa sindano.

Wakati huo huo Korogwe na Kilifi walijaribu chanjo hiyo hiyo kwa watoto wakubwa kidogo, ila kwa kichochezi tofauti: viputo vya fosfolipidi na kolesteroli vinavyoitwa liposomu, seli tupu zisizo na kitu ndani. Hiki cha viputo ndicho kilichochukuliwa kuendelea na majaribio makubwa yaliyoanza 2009, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, katika nchi 7 na watoto 15,460. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza RTS,S itumike, chanjo ya kwanza ya malaria kufika hapo. Ya pili, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023, na Bagamoyo ilikuwemo tena kati ya vituo vya majaribio yake.

Kwa nini viputo? Kichochezi hicho kina dawa iitwayo QS-21 inayotoka kwenye maganda ya mti wa Chile, na wenyeji wa huko walitumia maganda hayo kufulia. Ni sabuni ya asili. Ikiachwa peke yake kwenye damu hushika kolesteroli ya tando za chembe na kuzitoboa. Watengenezaji wakaizuga: wakaiwekea kolesteroli yake kwenye viputo, inaishika hiyo, inatulia, na kazi ya kuamsha kinga inaendelea. Adui amepewa mkeka wake akae.

Kabla hujaondoka ufukweni, tafuta mchu, ule mkoko wa majani yenye tumbo jeupe, unaosimamisha vijiti vya mizizi kwenye tope. Vunja jani ulilambe. Lina chumvi, wakati mwingine punje zinaonekana kwa macho. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa pampu zilizochomekwa kwenye tando za tezi za majani. Mkoko wenye miguu mirefu, ule Rhizophora, ni mchoyo zaidi: sehemu kubwa ya chumvi huizuia mlangoni, kwenye mizizi, kwa ukuta wa nta uitwao suberini, nayo pia ni jamii ya lipidi. Maji hupita kwenye tando za seli kwa milango yake maalumu, ambayo Peter Agre wa Marekani aliigundua na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Ng'onda anayeanikwa na chumvi anafundisha sheria hiyo hiyo kwa upande wa pili: chumvi ikiwa nyingi nje, maji yanatoka ndani ya seli kuifuata, na nyama inakauka.

Je, wajua kwa nini mtoto njiti hupata shida kupumua? Vifuko vya mapafu vimelowa maji kwa ndani, na maji hupenda kujivuta. Bila kulainishwa, vifuko vingejibana kama mfuko wa plastiki uliolowa. Kinachovilainisha ni fosfolipidi zinazotengenezwa na mapafu yenyewe, na mtoto huwa nazo za kutosha kuanzia kama wiki ya 34 ya mimba. Aliyewahi hana. Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 1959, na leo mama anayetishiwa kujifungua mapema huweza kuchomwa sindano ya kuharakisha mapafu ya mtoto yajipake mafuta hayo.

Na sabuni tuliyoimwaga kwenye ndoo na vibuyu chirizi mwaka 2020 ilifanya kazi kwa sababu virusi vya korona navyo vimejivika utando wa mafuta. Molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia kama fosfolipidi, lakini mkia mmoja tu. Inajichomeka kama kabari kwenye utando wa kirusi, mpaka unachanika. Kirusi kisicho na koti la mafuta, kama norovirusi kinachoharisha watu, hakiogopi hivyo, ndiyo maana vitakasa mikono vya spiriti havikimalizi vizuri, na kunawa kwa maji tiririka kunabaki na maana yake.

Ukitaka kuona mwenyewe alichokiona Agnes Pockels, huhitaji maabara. Chukua beseni safi, maji ya bomba yaliyotulia, nyunyiza pilipili manga ya unga juu yake. Chovya ncha ya kidole kwenye sabuni ya maji, gusa katikati. Pilipili itakimbilia ukingoni kwa kishindo, ikisukumwa na tabaka la molekuli moja linalotandaa. Rudia mara ya pili na haitakimbia, kwa sababu uso wa maji umeshajaa. Itabidi umwage, uoshe beseni vizuri, uanze upya. Lioshe kweli, maana wenyewe watapikia.